Mifuko ya kuhifadhia makaratasi ya posta: ipi ununue, ipi uiache dukani

Mifuko mingi ya plastiki inayouzwa steshenari imetengenezwa kwa ajili ya vyeti vya shule na menyu za hoteli. Haikuwaziwa aerogramu, ile barua ya ndege inayokunjwa ikawa bahasha yake yenyewe, ya miaka ya hamsini yenye muhuri wa Lindi. Mkusanyaji huligundua hilo akiwa amechelewa: stempu imeganda kwenye plastiki, au wino wa muhuri umehamia upande wa pili. Hapa tunapima vifaa vitano ambavyo wakusanyaji wa Afrika Mashariki huvikimbilia: albamu za PVC, mifuko ya polipropileni, karatasi za poliesta, bahasha za glasini (karatasi nyembamba laini inayopitisha mwanga) na maboksi ya plastiki yenye mpira kwenye kifuniko. Kigezo ni kimoja: kifaa hicho kitaifanya nini karatasi ikikaa humo miaka mingi Mombasa, Tanga au Unguja, ambako unyevu wa hewa huzidi asilimia 70 sehemu kubwa ya mwaka. Nairobi na Arusha mambo ni mepesi zaidi, ingawa si kwa kila kitu.

Kwa mwenye haraka: nunua mifuko ya polipropileni na boksi lenye mpira. Poliesta iwe ya vipande vichache vinavyotolewa mara kwa mara. PVC usiikaribishe nyumbani. Laminesheni hatukuiingiza hata kwenye mashindano, maana kilicholaminishwa hakitoki tena kikiwa kizima.

Kwanza, unahifadhi nini

Watu husema "bahasha za zamani" kana kwamba zote ni mamoja. Bahasha ya enzi ya stempu za pamoja za Kenya, Uganda na Tanganyika, zilizoanza 1935, mara nyingi ni karatasi imara na huvumilia mengi. Aerogramu ni karatasi nyembamba yenye ukanda wa gundi ukingoni, na mikunjo yake huanza kupasuka pale mwenyewe alipoifungua kwa kisu. Fomu ya telegramu ya Posta na Simu ya Afrika Mashariki, shirika lililosambaratika pamoja na Jumuiya mwaka 1977, ni karatasi ya bei rahisi ya massa ya mbao, tena mara nyingi ujumbe wenyewe uko kwenye vipande vya utepe vilivyobandikwa juu yake. Stakabadhi ya rejista au ya hawala huenda iliandikwa kwa ile penseli ya zambarau ya kaunta, ambayo ikipata unyevu hugeuka wino na kusambaa. Kitabu cha akiba kimebanwa kwa waya unaoshika kutu. Lebo ya R, ile ya barua za rejista, isiyobandikwa bado ina gundi mgongoni, na gundi hiyo haingoji kulowekwa ndipo inate; hewa ya masika inatosha.

Kwa hiyo hakuna mfuko mmoja wa kufaa vyote, na muuzaji anayekwambia upo anataka kumaliza mzigo wake.

PVC: anza na pua

Albamu laini za A4 zenye mifuko 20 au 40, zile zinazonuka kama pazia jipya la bafuni, karibu zote ni PVC. PVC yenyewe ni ngumu. Hulainishwa kwa mafuta maalumu, na mafuta hayo hayakai mahali pake. Hutoka pole pole, plastiki inapata utando unaonata, na karatasi inayanywa. Stempu iliyoyanywa huonekana kama imelowa: rangi imekolea, karatasi inapitisha mwanga. Hilo halirudi nyuma. PVC ikizeeka kwenye joto hutoa pia kloridi ya hidrojeni, ambayo ikikutana na unyevu ni tindikali kali. Ndiyo sababu pini iliyosahauliwa ndani ya albamu ya namna hii hushika kutu upesi kuliko iliyobaki kwenye droo.

Maneno "haina asidi" kwenye jalada yasikudanganye. Hiyo ni sifa ya karatasi. Kwa plastiki haikuambii chochote cha maana, na PVC inaweza kuuzwa ikiwa na maneno hayo bila muuzaji kuonekana mwongo. Tafuta jina la plastiki. PP au namba 5 ndani ya pembetatu ni polipropileni. PET au 1 ni poliesta, 2 na 4 ni polithini, 3 ni PVC. Kama hakuna kilichoandikwa, pima mwenyewe.

Kata kipande cha ukubwa wa ukucha kutoka kona ya mfuko. Kipake tone la sabuni ya vyombo ili kisishike hewa, kizamishe kwa kidole kwenye glasi ya maji, kisha kiachie. Kikielea ni polipropileni au polithini. Kikizama ni poliesta au PVC, na hapo unahitaji moto. Chukua waya mtupu wa shaba wa sentimita kumi hivi, ule wa ndani ya kebo ya umeme, ushike kwa koleo, uchome kwenye moto wa gesi mpaka moto uache kubadilika rangi. Uguse kwenye plastiki ukiwa bado wa moto ili uchukue punje yake, uurudishe motoni. Moto ukiwa wa kijani, kuna klorini: ni PVC. Fanya nje na usivute moshi wake. Kipimo hiki hakiharibu zaidi ya mfuko mmoja, na kwenye pakiti ya mifuko mia moja hiyo si hasara.

Polipropileni: kazi ya kila siku

Hii ndiyo tunayoipa alama za juu kwa matumizi ya kawaida. Haina vilainishi, haitoi gesi za kuumiza karatasi, ni nyepesi, na mifuko ya A4 yenye matundu pembeni inapatikana karibu kila mji. Anayeagiza kutoka nje aulize kama imepita kipimo cha PAT, kile cha ISO 18916. Kiliundwa kwa ajili ya picha, lakini kifaa kisichoumiza picha hakitaumiza bahasha.

Unene ndio unaotenganisha nzuri na mbovu. Chini ya mikroni 50 mfuko unalegea, unakunjamana, na bahasha inajikunja nao. Kati ya mikroni 80 na 120 unasimama wenyewe. Ya A4 yenye uso wa chembechembe huonekana duni kwa sababu si angavu, lakini kwa mwenye stempu zenye gundi au nakala za fotokopi ni bora: uso usio laini haugandamani kirahisi na kitu.

Kasoro yake kubwa ni ya umbo. Bahasha ya C6, yaani milimita 114 kwa 162, ikiachwa ndani ya mfuko wa A4 huteleza hadi chini, na kona zake ndizo zinazobeba mtikisiko wote. Iwekee kadi ngumu isiyo na asidi yenye ukubwa wa A4, uishike kwa pembe nne za poliesta, maelezo yake yakiwa chini. Tatizo jipya ni kwamba kadi inaficha mgongo wa bahasha, na kwa historia ya posta mgongo ni nusu ya habari: hapo ndipo ilipo mihuri ya kupitia na ya kupokelewa. Kata dirisha kwenye kadi usawa wa muhuri, liwe dogo kuliko bahasha kwa sentimita moja kila upande, na hutalazimika kuitoa bahasha kila mgeni akitaka kuona ilipitia wapi. Mifuko midogo ya saizi ya postikadi haihitaji kadi ya A4, lakini pima kwanza: postikadi nyingi za zamani ni sentimita 9 kwa 14, za baadaye ni milimita 105 kwa 148. Mfuko uzidi karatasi kwa milimita 3 hadi 5 kila upande. Ukizidi hapo, karatasi inacheza ndani.

Faili la pete lisijazwe. Mifuko 30 yenye kadi kwenye faili la mgongo wa sentimita 4 inatosha. Faili lililoshiba hubana kurasa za katikati, na mbano pamoja na unyevu ndivyo vinavyogandisha gundi. Lisimame wima, lisilazwe na kubebeshwa mengine.

Poliesta: nzuri, ghali, na haisamehe

Poliesta safi, kama ile inayojulikana kwa jina la Melinex 516, ndiyo iliyozoeleka katika nyaraka za taifa na maktaba kubwa duniani. Ni angavu kama haipo, haichaniki kirahisi, haina mafuta ya kutoka. Fomu ya telegramu inayokatika kila ikishikwa unaweza kuiweka ndani ya poliesta ya mikroni 100 na kuipitisha mkono kwa mkono bila kuigusa. Kwa bahasha mikroni 75 inatosha, kwa postikadi 50.

Lakini bei yake ni mara kadhaa ya polipropileni, na ina tabia tatu ambazo maelezo ya wauzaji hayazitaji.

Ya kwanza ni umeme wa msuguano. Ukifungua karatasi mbili za poliesta, zinavuta kila kilicholegea: chembe za penseli, vumbi la rangi, ukingo wa utepe wa telegramu ulioachia gundi. Stakabadhi ya penseli ya zambarau tungeiweka kwenye mkunjo wa karatasi isiyo na asidi, si kwenye poliesta.

Ya pili ni kwamba haipitishi kitu. Karatasi ya massa ya mbao hutengeneza tindikali yake yenyewe, na ikifungiwa pande zote nne tindikali hiyo haina pa kutokea; inazeeka haraka kuliko ingekuwa wazi. Dawa ni kuiwekea nyuma karatasi yenye kalsiamu kabonati, ile inayouzwa kama karatasi ya hifadhi yenye akiba ya alkali, na kuacha pande mbili wazi. Unyevu nao ni hivyo hivyo. Ukifunga bahasha saa nane mchana wakati wa masika, umefungia hewa ya masika ndani, na chumba kikipoa usiku maji yanatafuta pa kukaa.

Ya tatu ni makali. Kona ya poliesta iliyokatwa kwa kisu huchana bahasha ya jirani. Zungushia kona zote kwa kikata kucha.

Mfuko wa kutengeneza mwenyewe ni bora kuliko wa kununua, kwa sababu unaukata kwa saizi ya kitu chako. Kata karatasi ya poliesta yenye upana mara mbili ya bahasha pamoja na sentimita moja, na urefu unaozidi wa bahasha kwa milimita 6. Ikunje katikati, upitishe mgongo wa kijiko juu ya mkunjo mara mbili tatu mpaka ulale. Ingiza bahasha na karatasi yake ya nyuma, mkunjo ukae chini. Huna haja ya gundi. Umeme ule ule uliokuwa adui sasa unashika pande zilizobaki. Wanaobandika pande kwa utepe wa gundi pande mbili hukutana na jambo lile lile baada ya misimu michache ya joto: gundi inatambaa, bahasha inateleza ndani, vinakutana.

Pembe za kushikia kwenye kadi nazo zinatoka kwenye mabaki. Chukua ukanda wa milimita 15 kwa 60. Kunja ncha zote mbili kuelekea chini kwa nyuzi 45 kuanzia katikati, upate pembetatu yenye mikia miwili. Kona ya bahasha inaingia kwenye pembetatu. Mikia inapita kwenye mkato wa wembe na kubandikwa nyuma ya kadi. Utepe wa 3M 415 ndio unaoaminika kwa kazi hiyo, na hata wenyewe usikutane na bahasha. Acha nafasi ya nusu milimita kwenye kila pembe, kwa sababu karatasi hupanuka na kusinyaa na hewa. Ukiibana, inavimba katikati.

Glasini

Ni nzuri kwa stempu za kupanga kwa muda na kwa kutenganisha kurasa. Kwa kuhifadhi Pwani, hapana. Inanywa unyevu, inajikunja, mikunjo yake inahamia kwenye aerogramu, na ikishaanza kugeuka njano imekuwa mzigo. Anayeitumia aibadilishe kila baada ya miaka michache.

Boksi lenye mpira: kifaa cha bei ndogo kilichoshinda

Tulitarajia poliesta iongoze. Kwa nyumba ya kawaida isiyo na kiyoyozi cha saa 24, kinachookoa mkusanyiko ni boksi la polipropileni la kuhifadhia chakula, lenye klipu pembeni na mpira kwenye kifuniko. Kuvu huota unyevu ukikaa juu ya asilimia 65 hadi 70, na hakuna mfuko unaozuia hilo, boksi linazuia. Kiyoyozi kinachowashwa mchana na kuzimwa usiku si mbadala, kwani hupandisha na kushusha unyevu kila siku, na karatasi huchoshwa na mabadiliko kuliko na kiwango chenyewe.

Kwa boksi la lita 20 anza na gramu 200 hivi za jeli ya silika ndani ya mfuko wa kitambaa, ikitengwa na makaratasi kwa kadi. Chagua ya rangi ya chungwa inayogeuka kijani. Ile ya buluu hutiwa rangi kwa kloridi ya kobalti, ambayo ni sumu. Weka na kipima unyevu kidogo. Wiki ya kwanza jeli itajaa upesi na utadhani boksi linavuja, kumbe ni makaratasi na kadi zinazotoa maji zilizokuwa nayo. Ioke kwenye oveni ya nyuzi 120 kwa saa mbili au tatu, irudishe. Lengo ni asilimia 45 hadi 50. Usishuke chini ya 35: gundi ya zamani inapasuka na aerogramu inavunjika kwenye mikunjo.

Vipima unyevu vya bei ndogo hukosea kwa asilimia kumi bila aibu. Kukisahihisha ni rahisi. Tia chumvi ya mezani kwenye kifuniko cha chupa, matone ya maji mpaka ilowe bila kuyeyuka, ifungie pamoja na kipimaji kwenye mfuko wa zipu usiku kucha. Kinatakiwa kisome 75. Kikisoma 82, kila namba yake utatoa 7.

Sanduku la bati huzuia panya na mchwa, lakini hutoa jasho usiku, hivyo liwe la kuwekea boksi ndani yake. Sanduku la mbao la Kizanzibari ni zuri kwa macho. Mbao hutoa mvuke wa tindikali, hivyo lisiguse karatasi. Na kama kuna anayedharau unyevu, akumbuke stempu za Wuga: zilichapwa 1916 kwenye misheni ya Usambara wakati Wajerumani wamezingirwa, zikafukiwa ardhini karibu na Morogoro ili Waingereza wasizipate, zikafukuliwa 1921, nyingi zikiwa zimeharibiwa na maji.

Kabla kitu hakijaingia kwenye mfuko

Mfuko bora ukiingizwa kitu kichafu unakuwa gereza la uchafu huo. Pini za stepla zitoke: pitisha kipande cha poliesta chini ya miguu yake, inyanyue kwa bapa jembamba, igeuze, uivute kwa upande wa mbele. Usitumie kile kichomolea cha meno. Raba bendi iliyoyeyuka ikikauka hubanduka vipande vipande, usiivute. Selotepu iliyogeuka njano iachwe ilivyo mpaka apatikane mtu wa ukarabati wa karatasi, kwa sababu ukiivuta inaondoka na muhuri.

Kuvu isifutwe ikiwa mbichi, inapakaa. Kausha kitu siku kadhaa ndani ya boksi lenye jeli, kisha nje, umevaa barakoa, sukuma kwa brashi laini kuelekea mbali nawe. Kuna wadudu? Fungia kwenye mfuko wa polithini uliokamuliwa hewa, weka kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili, na ukitoa usifungue mpaka kesho yake. Naftalini hapana: mvuke wake hulainisha baadhi ya plastiki, na wewe ndiye unayeuvuta.

Utepe wa telegramu ulioachia upigwe picha kwanza mahali ulipo, hata kama umekaa upande. Mpangilio wa vipande ndio ujumbe. Vikichanganyika, hakuna wa kukuambia kipi kilitangulia. Kurudishia, tone la gundi ya wanga wa ngano iliyopikwa, dogo kama kichwa cha pini, katikati ya kipande na si ncha hadi ncha.

Bahasha yenye stempu za Zanzibar zilizogongwa kwa mkono neno JAMHURI 1964 isisafishwe, isilowekwe, isinyooshwe kwa pasi. Thamani yake iko kwenye wino ule na mahali ulipoangukia. Maelezo yote yaandikwe kwa penseli ya 2B kwenye kadi, kabla ya kuingiza kitu.

Ukifikia kuagiza poliesta kutoka nje, agiza karatasi bapa za A4 badala ya mifuko iliyotengenezwa au roli. Roli hufika na mviringo usioondoka, na mifuko ya kigeni hukatwa kwa saizi za kwao. Karatasi moja ya A4 inatoa mifuko miwili ya postikadi ya 9 kwa 14 na ukanda mwembamba wa kukatia pembe. Kwa bahasha ndefu ya milimita 110 kwa 220 haitoshi: mfuko wake unahitaji karatasi ya milimita 230 kwa 226, na A4 ina upana wa milimita 210 tu.